Saumu Hana Deni

Ufunguo wa kabati la pedi ninao mimi,
pamoja na wa stoo ya majembe
na wa maabara isiyo na kitu.
Mwalimu wa malezi, ndivyo walivyoniandika.
Anayechukua anatia sahihi: jina, kidato, tarehe,
kwenye kaunta buku ya kwaya mbili, gamba jekundu.

Tangu shule zifunguliwe
mstari wa Saumu Shemweta ulikuwa mtupu.
Sikuuona. Nilihesabu zilizotoka;
nani huhesabu zisizotoka?

Walioona ni wenzake, Ramadhani ilipokwisha,
wakiulizana nyuma ya darasa nani ana siku ngapi za kulipa.
Huyu sita. Yule saba. Mwenye tisa akachekwa.
Saumu hana hata moja.
Kafunga zote ishirini na tisa, bila pengo.
"Jina limemkaa," wakasema,
kisha wakanyamaza,
na ukimya ule ukatembea hadi ofisini.

Ofisi inajua ugonjwa mmoja tu wa msichana.
Tukapanda bodaboda kwenda zahanati, mimi nyuma yake,
mgongo wake kifuani kwangu
fundo baada ya fundo, kama kamba ya ndoo.
Kijiti kikachovywa. Mstari mmoja.
Mkuu wa shule akashusha pumzi kwenye simu:
"Alhamdulillahi. Mrudishe darasani."
Nami, Mungu anisamehe, nikamrudisha.

Hakuna aliyeuliza: jana ulikula nini?

Niliuliza Alhamisi, mlangoni pa chumba alichopanga
ng'ambo ya reli, yeye na mdogo wake Kibwana.
Debe la makopa kutoka kwa mama, Magoroto,
la kufika mwisho wa mwezi,
limekwisha tarehe kumi na moja.
Asubuhi chai ya rangi. Jioni bada la kukopa,
na mchunga uliochumwa njiani.
Sahani ya Kibwana ina kilima,
ya kwake ina alama ya mwiko.
"Mpishi hushiba moshi, mwalimu," akasema
kwa adabu, kana kwamba mwenye njaa ni mimi.

Nje lori lilikuwa likipakia machungwa ya Dar es Salaam,
tenga juu ya tenga, Muheza nzima inanukia,
na yaliyopasuka yanasukumwa mtaroni kwa mguu.

Muuguzi Tunu Kihiyo alinieleza kesho yake,
bila kuacha kukunja bandeji:
mwili ni mama mwenye nyumba.
Unga ukipungua hapigi kelele.
Anazima taa ya ukumbini,
anafunga chumba cha wageni,
anakunja godoro, anaficha shuka.
Kuni zilizobaki anaupelekea moyo,
na kidogo ubongo, ufanye mtihani wa hesabu.
"Si laana, wala si mimba. Ni bajeti."
Kisha, akitafuta mkasi:
"Wengine haifungi kabisa. Inakuja kama maji ya bomba letu,
leo matone, kesho kutwa mafuriko, halafu miezi miwili kimya."

Sikufanya la kutangazwa.
Maharage kilo mbili, karanga,
mayai ya kuku wangu wenye makelele.
Nikamwambia aje anifulie, yeye na Kibwana
(uongo, nina nguo tano),
wapate kula kwangu bila kuomba.
Na machungwa ya mtaroni pia.
Lililopasuka nalo ni tamu.

Mei, mstari mtupu.
Juni, mtupu. Nikaanza kumwonea Tunu shaka.
Mwezi hauitwi kwa filimbi.

Julai, saa nne,
saa ya uji ambao shule yetu haiupiki,
akasimama mbele ya kabati, mkono kiunoni,
uso umekunjamana kwa maumivu,
na chini ya maumivu kuna kitu, nusu kicheko.
"Mwalimu, kalamu yako inaandika?"

Aliandika jina lake kwa herufi kubwa.
Alipotoka sikulifunga daftari.
Nililigeuza nyuma, kwenye kurasa za wengine,
kidole kikishuka polepole
mstari mtupu hadi mstari mtupu,
nikaanza kusoma majina.